Fomu ya Makaburini

Siku ya kwanza ya zoezi la kupima kazi, Bi Masjala alitia saini karatasi ambayo hakupaswa kuisaini.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba aliyeisaini hana ndugu wa damu miongoni mwa watumishi wa halmashauri ambao kazi zao zitapimwa. Ilizungushwa mezani pamoja na ile ya mahudhurio, na watu wakasaini huku wakizungumza mambo yao. Mwenyekiti wa kamati, mkaguzi mstaafu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, hakujisumbua hata kuivaa. Mtu wa chama cha wafanyakazi alisaini huku akiuliza chai inaletwa saa ngapi. Mtaalamu, mama wa makamo aliyekodiwa kutoka nje ili aongoze zoezi, ndiye peke yake aliyesoma mpaka mwisho. Ilipomfikia Bi Masjala, katibu wa kamati, alisoma mara mbili, akaona wote wanasubiri kalamu, akasaini.

Na ndugu alikuwa naye. Tena si wa kutafutwa kwenye matawi ya mbali huko. Mchimba makaburi wa halmashauri alikuwa kaka yake, mama mmoja, titi moja.

Mtamlaumu, na mna haki. Lakini kwanza msikie ilivyokuwa. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minane na kaka yake kumi na saba. Baba zao walikuwa wawili tofauti, na wote wawili walishakwenda zao. Kaka akaacha shule, akapata kazi ya kuchimba makaburini, na kwa kazi hiyo akamlea mdogo wake: sare, daftari, nauli, hadi chuo cha uhazili. Kila jioni alinawa mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kumkagulia daftari, ingawa hesabu zenyewe zilikuwa zimeshamshinda tangu mtoto alipofika darasa la tano. Alikuwa akitazama tu kama pana alama za vyema, akifurahi kila akiziona.

Binti akaajiriwa na halmashauri hiyo hiyo, masjala, kwenye chumba chenye kabati za chuma na harufu ya karatasi za zamani. Wiki yake ya kwanza, watu wakiwa wanakula mchana, dereva mmoja alifanya mzaha kuhusu yule bwana wa makaburini, kwamba ndiye mtumishi pekee ambaye wateja wake hawajawahi kuleta malalamiko. Meza nzima ilicheka. Naye mgeni, asiyejua pa kuweka macho, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Ukishacheka leo, kesho unaanzaje kusema yule ni kaka yangu? Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, na mara miaka kumi na tisa ikapita. Majina yao ya ukoo hayakufanana, sura hazikufanana, na kaka mwenyewe hakuwa mtu wa kufika ofisini. Vibali vya mazishi vilimfuata huko huko. Jumapili walikutana nyumbani, wakala, wakacheka, na hakuna aliyeuliza kwa nini siku nyingine sita hawajuani.

Sasa hilo zoezi. Lilikuwa jambo la haki, nisilifiche. Mishahara ya halmashauri ilikuwa vurugu tupu. Wafagiaji wawili wa soko moja, fagio moja, vumbi moja, mmoja alilipwa karibu mara mbili ya mwenzake kwa sababu aliingia na barua ya mkubwa. Dereva wa bosi alimpita muuguzi. Watu walilalamika miaka nenda rudi, mwisho wakagoma, ndipo ikaamuliwa kwamba kila kazi ipimwe upya kwa alama: maarifa inayohitaji, nguvu inayotumia, wajibu inayobeba, na mazingira yake. Kila mtu aliandika kwenye fomu anachofanya. Majina yakaondolewa, zikawekwa namba, ili kamati isijue inampima nani. Katibu angesoma fomu kwa sauti, wajumbe watatu wangetoa alama, na alama zingeipeleka kazi kwenye ngazi yake ya mshahara.

Ila kazi itakayopata chini ya alama arobaini ingetoka kabisa kwenye ngazi. Ingepewa mkandarasi, na aliyekuwa akiifanya angepewa barua ya shukrani aende nyumbani. Kaka yake alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu.

Jumapili moja kabla ya fomu kurudishwa, kaka alikuja na kurasa za fomu yake zikiwa tupu, zimekunjwa kwenye mfuko wa shati. Alisubiri mpaka shemeji na watoto wametoka nje, akazinyoosha juu ya meza ya jikoni.

"Niandikie wewe, mdogo wangu. Wewe unajua maneno wanayoyapenda."

"Siwezi, kaka. Mimi ndiye katibu wao. Wakigundua nimemwaga unga."

Hilo lilikuwa kweli. Mwongozo wa zoezi ulikataza mtu wa kamati kumsaidia yeyote kujaza fomu. Lakini mwongozo haukumkataza kumwambia ajieleze kwa urefu, aseme kila kitu, asione haya. Bi Masjala aliogopa hata hayo. Alimwambia tu, andika unachofanya, inatosha. Kaka alizikunja tena kama zilivyokuwa, akashukuru, akaomba maji ya kunywa.

Fomu zilirudi sabini na moja. Kuzipanga ilikuwa kazi ya Bi Masjala, na alipofika ya sitini na tatu alijua kabla ya kusoma. Mwandiko ule wa kulalia kushoto aliujua tangu alipokuwa akiandikiwa barua za kuomba ruhusa shuleni. Nafasi ya maelezo ilikuwa kurasa mbili nzima, na katika kurasa hizo mbili kulikuwa na mistari mitatu.

Nachimba kaburi. Nafukia. Nafunga geti.

Alikaa chini. Wengine walikuwa wameandika wakaomba karatasi za nyongeza. Mpokea wageni wa ghorofa ya chini alijaza kurasa nne kuhusu "uratibu wa mawasiliano na usimamizi wa taswira ya taasisi", na kumbe kazi yenyewe ni kuwaonyesha watu ngazi zilipo. Kwa mistari mitatu, mtu hafiki hata ishirini.

Kuanzia hapo Bi Masjala aliishi kwa hofu, na sitaipamba. Kamati ilipima fomu kumi na mbili, kumi na tano kwa siku, na kila moja iliyopita ilimsogeza karibu na ile. Alikuwa akisoma kwa sauti kazi za mafundi bomba na wapima viwanja huku kichwani akihesabu zilizobaki. Mara tatu alifikiria kuiandika upya. Fomu tupu zilikuwepo kabatini, ufunguo anao yeye. Mara ya tatu alifika hadi kuchukua moja na kuandika neno la kwanza, mlango wa jirani ukafungwa kwa kishindo, naye akaichana vipande vidogo akaviweka kwenye pochi, kwa kuogopa hata kapu la taka. Alifikiria pia kwenda kwa mwenyekiti akakiri. Lakini angeanzia wapi? Angefukuzwa kwa kusaini uongo, ana watoto wawili shuleni na mume ambaye kibarua chake leo kipo kesho hakipo. Na fomu ingesomwa na mtu mwingine, ikapata alama zile zile za huzuni. Wangekosa kazi wote wawili kwa wiki moja. Alikonda. Mume aliuliza kama anaumwa, akajibiwa ni uchovu.

Ilifika Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Bi Masjala alisema namba ya fomu, akasoma mistari mitatu.

"Endelea," mwenyekiti alisema, bila kuinua macho.

"Imeisha, mwenyekiti."

Mtu wa chama alicheka kidogo, akasema huyu angalau hakutupotezea muda. Mwenyekiti naye akatabasamu, akavaa miwani, akaanza kuandika alama. Bi Masjala alikaa kiti cha kando, akauona mkono wake. Maarifa, tatu. Kalamu ikasogea kwenye wajibu. Kabla Bi Masjala hajajua amesema, alikuwa ameshasema.

"Mwenyekiti, samahani. Mwongozo unasema fomu isiyojitosheleza, mwenye kazi aitwe ajieleze."

Katibu hakuwa na kawaida ya kusema. Wote watatu walimgeukia. Mwenyekiti alivua miwani, akamtazama kwa jicho lile la ukaguzi ambalo nadhani hata kustaafu hakukulipunguza makali.

"Mbona fomu ya mlinzi wa ghala nayo ilikuwa fupi, na hukusema hivyo?"

Bi Masjala akajibu kwamba ile ilikuwa na ukurasa mzima, hii ina mistari mitatu. Kisha akajitia kukohoa. Mwenyekiti alisema zimebaki siku mbili na fomu nane, hawawezi kumwita kila asiyejua kuandika. Hapo Mtaalamu ndiye aliyeingilia, akasema katibu yuko sahihi, kipengele kipo, na asiyejua kuandika ndiye hasa kiliandikiwa. Ikaamuliwa aitwe kesho yake.

Jioni hiyo Bi Masjala alishika simu, akaiweka. Alitaka kumwambia kaka ajieleze vizuri. Zaidi ya hilo, alitaka kumwomba, kwa maneno ambayo hakuyapata, asimtaje. Maana kila aliyeitwa mbele ya kamati aliulizwa kwanza swali moja, na swali hilo Bi Masjala alilijua kwa moyo kwa sababu ndiye aliyelichapa. Lakini kuzungumza na aliyeitwa kulikatazwa, na simu huacha kumbukumbu. Aliishika tena, akaiweka tena. Akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kaka aliingia saa tatu kamili, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata, viatu amevipangusa ila vumbi la kwenye mshono lilikataa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na kwenye kile chumba chenye zulia alionekana hajui aweke wapi mikono. Alisalimia wote kwa pamoja, akakaa ukingoni mwa kiti. Bi Masjala aliinamia daftari la kumbukumbu asimtazame.

Mwenyekiti alisoma swali kama lilivyo. "Kabla hatujaanza, kuna mtu yeyote humu ndani ambaye ni ndugu yako, au mnahusiana kwa namna yoyote?"

Chumba kilikuwa na watu wanne tu wa kutazamwa, na kaka aliwatazama mmoja mmoja, pole pole, kama mtu aliyeambiwa ahesabu. Bi Masjala aliinua macho bila kupenda. Yakakutana. Alijua kaka yake hajui kudanganya, hata yeye alipokuwa mtoto akimwuliza kama kuna chakula cha kesho, kaka alikuwa akimjibu kweli. Akasubiri.

"Hapana," kaka alisema. "Simjui mtu humu."

Ikabidi liandikwe. Bi Masjala akaandika kwa mkono wake: Mhusika ameeleza kuwa hana undugu na yeyote aliyepo. Aliweka nukta.

Wakamwuliza kazi yake ni nini. Akajibu kama alivyoandika: anachimba, anafukia, anafunga geti. Mwenyekiti akamtazama katibu, kana kwamba anasema, umeona? Mtaalamu akasogeza kompyuta yake pembeni.

"Hebu tuambie jana tu," alisema. "Tangu ulipofika."

Kaka alifikiri. Kisha akaanza, na kwa kuwa hakujua kuwa anajieleza, alieleza vizuri. Alifika saa kumi na mbili akaenda upande wa bondeni na nondo yake kupima ardhi, maana mvua zimeanza, na huko ukichimba kupita kiuno maji yanaingia, na si vizuri wafiwa wamwone mtu wao anawekwa majini. Kwa hiyo akahamishia mazishi ya asubuhi upande wa juu. Halafu akaja mama mmoja na kipande cha karatasi cha miaka ishirini na mbili, anatafuta kaburi la baba yake. Ramani ya makaburi ililiwa na mchwa zamani, ofisi haikuchora nyingine, kwa hiyo watu huja kwake. Akampeleka: mstari wa tisa, baada ya kaburi la vigae vya kijani. Mtaalamu akauliza anakumbuka makaburi mangapi namna hiyo. Akasema hajawahi kuyahesabu, ila hajawahi kumrudisha mtu bila kuonyeshwa. Baadaye familia mbili ziligombania nafasi moja, akazikalisha chini mpaka zikaelewana. Kisha akachimba, peke yake, kwa kuwa mwenzake alistaafu na hajaletwa mwingine. Saa tisa gari la hospitali likaleta mmoja asiye na ndugu.

Mtu wa chama akauliza hao wasio na ndugu nani huwasimamia.

"Mimi. Kabla sijafukia nasimama kidogo, nataja jina kama lipo. Kama halipo, nataja tarehe."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwenyekiti aliuliza, kwa upole kidogo, kwa nini basi hakuyaandika yote hayo.

"Niliambiwa niandike ninachofanya, inatosha."

"Uliambiwa na nani?"

Kalamu ya Bi Masjala ilisimama. Kaka alikuna goti.

"Mtu wa nyumbani," alisema.

Mwenyekiti akaridhika, au alichoka, sijui. Walimshukuru, akatoka kwa kurudi nyuma nyuma kidogo, kama watu wanaotoka kwa wakubwa. Alama zikatolewa: sitini na moja. Mpokea wageni na kurasa zake nne alikuwa amepata hamsini na nne. Mtu wa chama alipendekeza iandikwe pia kwamba aajiriwe mchimbaji wa pili na ramani ichorwe, wakakubaliana. Mtaalamu alimgeukia Bi Masjala akamwambia mbele ya wote kwamba bila yeye wangemdhulumu mtu. Kisha ikawa mapumziko ya chai.

Bi Masjala hakunywa. Alisema anakwenda kuleta faili, akashuka ngazi mbili mbili, akamkuta kaka kwenye kituo cha ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, ameshika ukuta, anashuka taratibu kwa sababu ya magoti.

"Kaka."

Katika jengo lile hakuwahi kulitamka neno hilo. Kaka aligeuka, na kabla hajamwitikia alitazama kwanza juu, kisha chini, kama kuna mtu anayesikia. Bi Masjala aliliona hilo likamchoma. Akasema haraka kwamba amepita, amepita vizuri, kazi yake haitaguswa. Kaka alifumba macho, akamshukuru Mungu.

"Na asante," Bi Masjala akasema. "Kwa lile jibu. Umeniokoa."

Kaka alitikisa kichwa. Hakuonekana kukasirika. Alionekana ana haya, kama mtu aliyeshikwa kwenye jambo la kitoto.

"Sikukuokoa, mdogo wangu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilidhani nikisema wewe ni ndugu yangu, utakataa. Mbele ya wale watu wote. Nikaona heri nikatae mimi kwanza."

Bi Masjala alifungua mdomo aseme asingekataa, angewezaje, mtu aliyemlea. Maneno yalikuwepo yote, ila aliona wazi, kama anavyoona ngazi mbele yake, kwamba alikuwa ameshajiandaa. Kama kaka angemtaja, jibu lilikuwa tayari mdomoni tangu usiku: mzee, labda umenifananisha. Alikuwa amelifanyia mazoezi akiosha vyombo. Akaufunga mdomo. Alijiogopa mwenyewe kwa namna ambayo hakuwahi kumwogopa mwenyekiti.

Kaka alisubiri. Alimpa muda wa kutosha kabisa, kwa subira ile ile aliyokuwa akimkagulia nayo madaftari. Halafu akaitikia kwa kichwa, ingawa hakuna lililosemwa, akamwambia awasalimie watoto, akaendelea kushuka akishika ukuta.

Juu, mlango ulifunguliwa na mwenyekiti akaita, "Katibu! Tunakusubiri wewe tu."

"Nakuja, mwenyekiti," Bi Masjala akajibu, na sauti ilitoka palepale, bila shida yoyote.